Namba za Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Miaka minne, miezi mitano na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Moyo usiseme.

Leo nimebadilishiwa kazi. Sibebi mifuko tena! Napima joto. Katika ghala la nyuma wamelaza bamba la zege, nene kama godoro, pana kama chumba tunacholala. Lina matundu mia na arobaini na nne, kumi na mawili kwa kumi na mawili, yamepangwa kama mashimo ya mahindi. Ukingo wa juu una hita. Ukingo wa chini yanapita maji baridi. Mbavu mbili, kushoto na kulia, hupewa joto moja. Natakiwa nichomeke sindano ya kipimajoto katika kila tundu, ningoje dakika mbili, niandike namba. Kisha joto la kingo linabadilishwa, bamba linaachwa siku nzima litulie, napima tena. Mara ishirini. Siku arobaini za kazi.

Namba zinapanda ghorofani kwa watu wa kompyuta. Mkuu wao ni mwanamke mpole mwenye miwani. Sisi wa chini tunamwita Mama Miraba, kwa kuwa kila kitu anakigawa miraba, hata mkate wake wa saa nne. Amesema siku nikimaliza mara ya ishirini, siku hiyohiyo anasaini likizo yangu. Nimemshukuru mara tatu. Ya tatu ilikuwa ya ziada, nikaona aibu.

Nimehesabu. Namaliza tarehe 17 Aprili, safari inakula siku mbili na ushee, nyumbani Jumapili tarehe 20. Baba anapasuliwa goti tarehe 28. Daktari ameshasema baada ya hapo asahau kupiga magoti. Ndiyo maana baba anataka kabla ya siku hiyo asakafie sakafu yake ya mwisho, na ameichagua ya nyumba yangu. Yeye na mimi, kama zamani. Muda upo, tena wiki nzima!

Jioni Balozi kaniharibia. Huyu ni mchomeleaji, tunatoka mtaa mmoja, tunalala chumba kimoja. Jina la Balozi alipewa kwa sababu huwasemea watu ambao hawakumtuma. Likizo yake imekubaliwa, anaondoka tarehe 29 mwezi huu. Kaniambia nisijali, shemeji, sakafu ya mzee ataishughulikia yeye. Ananiita shemeji tangu aione picha ya dada yangu. Dada hajakubali lolote. Na huyu mtu hajui hata mwiko unashikwa wapi!

Sikulala vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima bamba zima kwa haki. Saa tano nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Mwisho nilishindwa kunyooka, nikatoka ghalani nimejikunja, mlinzi akaniuliza natafuta nini.

Jambo moja la ajabu. Safu ya tatu kutoka kushoto imetoa namba za juu kuliko majirani zake, karibu safu nzima. Nimeipima upya. Hivyohivyo. Nikajua kipimajoto kinaumwa. Je, nipeleke namba zenye aibu? Nikakumbuka darasa la sita.

Somo la mwisho nililosoma kabla ya kuacha shule lilikuwa wastani. Mwalimu aliwasimamisha watu wanne wa dawati la mbele, akajumlisha miaka yao, akagawa kwa nne. Mmoja wao alikuwa na ndevu, tukacheka mpaka tukachapwa. Wiki iliyofuata baba akanitoa shule nikamchanganyie saruji. Kwa hiyo wastani umebaki kichwani mwangu mzima kabisa, hakuna somo lililokuja kuukanyaga.

Basi kila namba mbovu nimeifuta, nikachukua jirani wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, nikajumlisha, nikagawa kwa nne. Zikakaa vizuri. Laini kama sakafu ya baba.

Nimelala nikiwaza. Kama namba inaweza kuzaliwa na majirani zake, sindano ya nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya! Nimepima kingo tu, matundu arobaini na manne, saa moja na nusu. Kingo hutulia mapema, ni katikati ndiko kunakotaka siku nzima. Mimi katikati sikuhitaji tena! Kwa hiyo siku mbili zimekuwa moja. Mara ishirini zitaisha Jumatano tarehe 26. Nyumbani tarehe 29. Siku Balozi anafunga sanduku huku, mimi nitakuwa nimekaa barazani nimenyoosha miguu!

Nimekaa kwenye kiti, kivulini, na penseli. Matundu mia moja ya ndani nikayabahatisha. Kisha nikaanza: kila namba wastani wa majirani zake wanne. Nikafika mwisho, nikakuta za mwanzo hazipatani tena na majirani. Nikarudia. Tena hazipatani, ila kidogo. Nikarudia. Raundi ya kumi bado zinacheza. Raundi ya thelathini zikatulia zote, hakuna anayemsukuma mwenzake. Kama watoto baada ya kugombania mkeka.

Nimetazama saa. Kazi ya saa tano nimeikwepa kwa saa tisa.

Lakini nimekaa!

Jumamosi, 8 Machi

Raba ya tatu wiki hii. Mtunza stoo ameuliza nazila au naziuza. Nimemwambia namba za joto zinateleza.

Ghorofani wamefurahi. Yuko kijana wa kompyuta tunayemwita Mwendokasi, anakula amesimama, anapanda ngazi mbilimbili. Kashuka mwenyewe kuniambia: “Mjomba, namba zako tamu! Zinalingana na hesabu zetu za zamani mpaka digrii ya mwisho.” Nikamwambia ni uzoefu. Akanipiga bega, bega lenye maumivu. Sikulia.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimepeleka karatasi juu, Mama Miraba akanikaribisha kiti. Kiti chenye magurudumu! Nilijishika mezani.

Nikamuuliza hasa wanajenga nini, maana siku zote hizi sijaona wakibeba kitu. Akacheka, akanieleza vizuri, bila kunidharau. Wanajenga maktaba ya programu. Hakuna vitabu. Humo mna hesabu zilizokwisha kuandikwa. Kuna watu wa matanuri, watu wa madaraja, watu wa mabomba, wote wanataka kujua joto linatembeaje ndani ya kitu. Badala ya kila mmoja kuanza upya, anakuja na mambo matatu tu: kitu chake kina umbo gani, kingoni kuna joto gani, kimetengenezwa kwa nini. Maktaba inakikata kitu vimraba vidogo, na kila kimraba kinasikiliza majirani zake wanne, mara nyingi, mpaka wote watulie.

Jasho likanitoka hapo hapo. Nikaomba maji.

Mwendokasi akadakia. Anataka mteja aulizwe maswali arobaini, achague mwenyewe njia ya hesabu, kwa sababu ndivyo kasi inavyopatikana. Mama Miraba akamwambia mtu asiulizwe jambo ambalo sisi tunaweza kulijibu. Mwendokasi akasema basi dada jenga mlango usio na kitasa. Mama Miraba akasema wewe umejenga vitasa arobaini, mlango uko wapi? Hata yeye mwenyewe alicheka.

Anataka pia kila kipande kijitegemee. Kinachokata vimraba kisijue nani anapiga hesabu, anayepiga hesabu asijue zege au chuma. Ukibadilisha kimoja, vingine visishtuke. Hilo nimelielewa kuliko wote. Baba hakuwahi kumuuliza fundi wa paa anatumia misumari gani. Alichotaka ni kuta nne na sehemu ya kupigia magoti. Alikuwa anakunja gunia mara mbili, moja lake, moja langu, langu likiwa dogo. Harufu ile ya saruji mbichi asubuhi! Alipiga mluzi wimbo mmoja tu, nao hakuujua mwisho.

Nimeshuka ngazi nikiupiga mluzi. Mimi pia sijui mwisho.

Jumatano, 19 Machi

Mambo yamechafuka juu. Nimeyasikia nikipiga deki kwenye korido, nikapiga deki mbele ya mlango mmoja kwa nusu saa.

Mama Miraba ametumia miezi mitatu kujenga kipande kipya cha maktaba, cha vitu vilivyochanganyika, kama zege lenye chuma ndani. Kipande hicho hakilingani na namba zangu. Kile cha zamani, kisichojua mchanganyiko, kinalingana kabisa. Mwendokasi amesema kipya ni kibovu, kivunjwe. Mwisho wa mwezi wanatakiwa wawape watu maktaba yao, hakuna muda wa kukipenda kilicho kibovu.

Mama Miraba akasema pengine vipimo. Nikashika fagio kwa mikono miwili. Kisha nikamsikia akisema, polepole, hapana, yule kaka wa chini anapima kwa mkono mpaka hawezi kunyooka, nimemwona kwa macho yangu, hana sababu ya kutudanganya.

Nimeondoka bila ndoo. Nilitaka kurudi kusema. Nikafika mlangoni. Nikahesabu siku: zimebaki sita.

Nikachukua ndoo tu.

Jumapili, 23 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Mama watoto anasema baba anakuja kwenye nyumba yetu kila asubuhi na fimbo yake, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaitazama ardhi. Ukimuuliza anafanya nini anasema anasakafia kwa macho.

Nikaomba nizungumze naye. Nikamwambia, baba, siku sita nafika. Akauliza mbona mapema, si ulisema Aprili. Nikamwambia nimeongeza bidii. Akaniuliza kama ile nyumba ya mama wa kuku naikumbuka.

Namkumbuka, asiniulize! Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sakafu ya sebule. Baba alikwenda kununua saruji, akaniachia ubao wa kusawazisha na pima maji, akaniambia nipime kingo na katikati. Nilipima kingo. Katikati nikapatazama, nikaona panafanana. Siku ya kwanza mwenye nyumba alipoosha sakafu, maji yakakusanyika katikati, kuku wakaingia wakanywa, hawakutaka kutoka tena. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Baba alivunja sebule nzima, akairudia bure. Hakunipiga. Alinipa gunia kubwa, akasema leo unapigia magoti hili. Nadhani ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote maishani mwangu, na nilikuwa nimeharibu kila kitu.

Baba akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. Nikacheka pia. Sijui kwa nini amekumbuka hadithi ile leo. Wazee wana mambo yao.

Jumanne, 25 Machi

Nimekamatwa.

Nilikuwa kwenye kiti, mara ya kumi na tisa, raundi ya ishirini na mbili. Mama Miraba akaingia ghalani peke yake, bila miwani. Macho mekundu. Amesema jana jioni amekivunja kipande chake, amekitoa chote kwenye maktaba. Ametaka tu kulitazama bamba lililomshinda.

Akakaa ukingoni, akaweka kiganja juu ya zege, kama mtu anayempima mtoto homa. Akakisogeza. Akakirudisha. Akakisogeza tena. Akasema hapa pana joto. Safu ya tatu kutoka kushoto. Chini hapo imefukiwa fimbo ya chuma, urefu wote. Hawakuniambia kusudi, kwa sababu mpimaji akijua anachotafuta atakiona hata kama hakipo.

Akanyoosha mkono nimpe karatasi. Karatasi imefutwa mpaka upande wa pili unaonekana. Akaipuliza, vumbi la raba likamwingia puani. Akapiga chafya. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kaka, katikati umepima lini?

Nimesema yote. Kingo, majirani wanne, raundi thelathini. Nikamwambia na ile safu ya tatu, kwamba niliiona siku ya kwanza, nikaifuta.

Ameitazama karatasi, akalitazama bamba. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia. Akasema wiki zote hizi wametaka kulinganisha maktaba na bamba, kumbe wameilinganisha na babu yake. Hivyo nilivyofanya, akasema, ndivyo hesabu hii ilivyofanywa kabla ya kompyuta, watu na penseli zao, raundi baada ya raundi. Nimeifikia mwenyewe, kwenye kiti cha ghala.

Nilijisikia mrefu! Kwa dakika moja.

Kisha akavaa miwani. Akasema namba za mara zote kumi na tisa ni za kutupa. Kipande chake atakirudisha leo, na siku ya kuitoa maktaba itasogezwa, na ni yeye atakayekwenda kueleza kwa nini. Hatanitaja, atasema vipimo vilikuwa na kasoro. Mimi nitapima upya, mara zote ishirini, kwa sindano, katikati kwanza. Likizo nitasainiwa siku hiyo na si kabla. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 29 Machi

Balozi ameondoka. Masanduku mawili, kofia mpya. Amesema, shemeji, nikusalimie nani? Nikamwambia nisalimie kila mtu, dada yangu mruke.

Leo ndiyo siku ambayo ningekuwa barazani.

Nimepiga hesabu ya haki. Nikipima kama nilivyoagizwa, namaliza tarehe 12 Mei, nafika tarehe 15. Baba atakuwa kitandani, goti limefungwa. Na kama ningepima kwa haki tangu siku ya kwanza ningefika tarehe 20 Aprili. Sijui kwa nini nimeiandika hesabu hii ya pili. Inauma kuliko mgongo.

Nimempigia baba kumwambia Mei. Nilisikia ndoo ikisogezwa. Kisha akasema saruji iliyofunguliwa haingoji Mei, na goti pia. Akauliza huku tunakula nini. Baba akiuliza chakula ujue amevunjika moyo.

Jumatano, 2 Aprili

Miaka minne, miezi sita na siku kumi na tatu.

Nimemaliza mara ya tatu kwa haki. Katikati kwanza. Safu ya tatu iko juu ya majirani zake, digrii tisa, kumi, kumi na moja, inategemea. Nimeziacha jinsi zilivyo. Mwendokasi anasema kipande cha Mama Miraba sasa kinaanza kulingana, na anakula ameketi, labda kwa heshima. Maswali yake arobaini yamebaki sita.

Jioni picha imeingia kwenye simu. Nyumba yangu. Baba amepiga magoti! Na kando yake, kwenye gunia dogo, gunia LANGU, Balozi, mwiko ameushika kama kijiko cha chai. Wamemwaga ukanda wa saruji kuzunguka kuta zote nne. Kingo zimekamilika, zimenyooka kama mstari wa rula. Ndani yake bado ni udongo.

Nimepiga haraka. Balozi akapokea, akaanza hotuba, nikamwambia mpe mzee. Baba akasema huyu shemeji yako anaongea kuliko anavyofanya kazi, lakini anachota maji. Nikauliza mbona wameachia hapo. Akasema kingo mtu yeyote anaweza kumsaidia. “Katikati nimekuachia wewe, mwanangu. Nataka nione kama safari hii utapapima.” Akasema anangoja mpaka Jumapili ya tarehe 27. Jumatatu anakwenda kwa daktari.

Nililia, siwezi kuficha, daftari ni langu. Kisha nikanawa uso nikaenda ghalani kulitazama bamba.

Nikalitazama kwa muda mrefu. Na nimeona jambo ambalo hata Mama Miraba hajaliona! Mbavu mbili zinapewa joto moja. Kwa hiyo upande wa kushoto na wa kulia ni mapacha! Mtu ana haja gani ya kupima mapacha wote wawili? Napima nusu ya kulia tu, ndiko kwenye kivuli, namba nazigeuza na kuziandika kushoto. Matundu sabini na mawili, adhuhuri nimemaliza. Mchana natia joto jipya, usiku kucha bamba linatulia, asubuhi napima. Kila siku mara moja. Na hakuna raba!

Fimbo iko kushoto, najua, sikusahau, mimi si mjinga. Safu ya tatu nitaiongezea digrii kumi. Kumi kamili, kila tundu, kila siku. Watafurahi.

Zimebaki mara kumi na saba. Namaliza Jumanne tarehe 22. Jumatano niko safarini. Ijumaa, tarehe 25 Aprili, kabla ya adhuhuri, naingia mlangoni kwangu. Nimemtumia baba ujumbe akunje magunia mawili, Balozi achote maji, na mtu yeyote asikanyage katikati.